Mwenzi Wako Anakupa Moyo au Anakuongezea Woga?



Miezi kadhaa iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri karibu na mlango wa sakristia mpaka watu wote wakaondoka. Namfahamu vizuri. Husoma somo la kwanza akipangiwa, na jumuiya yao ndogo hukutana nyumbani kwake. Siku hiyo alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. Aliniambia habari ambayo yeye na mumewe wameniruhusu kuiandika hapa, mradi nisitaje majina wala mahali.

Mumewe ni karani wa ununuzi katika ofisi fulani. Kila mwezi huletewa hati za malipo ya vitu ambavyo havikufika stoo. Wenzake hutia sahihi, kila mmoja hupata bahasha yake, na kazi inaendelea. Yeye alikataa. Alisema hawezi kushuhudia uongo kwa mkono wake kisha Jumapili anyoshe mkono ule ule kupokea Ekaristi. Tangu siku hiyo wamempa jina la "Askofu". Akiingia mahali pa kunywea chai, mazungumzo yanakatika. Naye mkubwa wake amemwambia kwa upole sana kwamba kuna kituo huko mbali kaskazini ambacho kwa muda mrefu hakijapata karani.

"Padre," mama akasema, "mwambie ana watoto wanne na wawili wako sekondari. Mwambie Mungu anaelewa hali yetu. Wewe atakusikiliza."

Nikamwuliza, "Na wewe mwenyewe ulimwambia nini?"

Alinyamaza kidogo. "Nilimwambia kama kweli ananipenda, atie sahihi."

Nakiri mbele yenu kwamba sikuwa na jibu la haraka. Hata nilijaribiwa kumpa alichokitaka. Padre naye ni binadamu. Akimwona mzazi mwema akielekea kupoteza kazi, moyo wake unatafuta njia ya mkato. Nilimwomba aje na mumewe baada ya wiki mbili. Haya ninayowaandikia ni yale niliyowaambia walipokuja, na mengine ambayo yamenijia baadaye.

Tuanze na jambo moja. Hapa Kenya hakuna mtu anayetuzuia kwenda Misa. Makanisa yetu yamejaa. Mikutano hufunguliwa kwa sala, hata ile mikutano ambayo ndani yake fedha za umma zitagawanywa kama nyama ya mbuzi. Kwa hiyo mtu akisema imani ya Kikristu haikaribishwi tena, jirani atamcheka. Lakini ninyi mlio kazini na sokoni mnajua ukweli. Imani inakaribishwa mradi ibaki kanisani. Ikivuka kizingiti na kufika ofisini siku ya Jumatatu, inaonekana kama mgeni asiyejua adabu.

Waulizeni wale wazazi walioenda kliniki na mimba ya tano, wakaulizwa mbele ya foleni nzima kama hawajui dunia imebadilika. Mwulizeni kijana aliyewaambia marafiki kwamba yeye na mchumba wake watangoja mpaka siku ya arusi. Mwulizeni yule mume mwenye mabinti watupu ambaye wazee wa ukoo wamemwita mara tatu, wakimshauri aoe mwingine ili apate wa kumrithi, naye kila mara amejibu kwamba aliapa mbele ya altare na ana mke mmoja. Hawa hawakupigwa wala kufungwa. Walichekwa, waliachwa nje ya mambo, walinyimwa cheo. Mateso madogo ya namna hiyo huchosha roho kwa sababu hayaishi, wala hayana heshima ya shahidi aliyechorwa kwenye dirisha la kanisa.

Na woga huingilia wapi? Nimewasikiliza wanandoa kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba mara nyingi hauingii kwa mlango wa mkubwa wa kazi. Unaingilia chumbani, taa ikishazimwa, kwa sauti ya mtu anayekupenda.

Someni tena Injili ya Mathayo, sura ya 16. Petro alikuwa ametoka tu kukiri kwamba Yesu ndiye Kristu. Yesu akaanza kuwaeleza kwamba imempasa kwenda Yerusalemu, kuteswa na kuuawa. Petro akamchukua kando akaanza kumkemea, akitaka mambo hayo yasimpate. Angalieni alivyofanya. Hakumpinga hadharani. Alimvuta kando, kama vile mke anavyomvuta mumewe chumbani watoto wakishalala. Alisema kwa sababu alimpenda. Lakini hakuna mtume mwingine aliyejibiwa kwa ukali kama Petro siku ile. Nadhani ni kwa sababu adui angeweza kumtisha Bwana kwa upanga tu, bali rafiki aliweza kumjaribu kwa huruma. Huruma ni ngumu kuikataa kuliko upanga.

Sasa nataka kuwasimulia habari za mume na mke mmoja. Kila tarehe 3 Juni wengi wetu hutazama Namugongo, na tunawajua Karoli Lwanga na wenzake, pamoja na Matia Mulumba aliyekuwa baba wa familia. Lakini katika habari zao wake hawasikiki sana, nami natafuta sauti ya mke. Kwa hiyo tutaenda mbali, katika nchi ya Austria, kwenye kijiji kidogo kiitwacho St. Radegund.

Franz Jägerstätter alizaliwa huko mwaka 1907. Alikuwa mkulima. Ujana wake haukuwa wa kitakatifu. Alipenda pikipiki, naye alikuwa wa kwanza kuleta moja kijijini, na alizaa mtoto wa kike nje ya ndoa. Tarehe 9 Aprili 1936, siku ya Alhamisi Kuu, alifunga ndoa na Franziska Schwaninger, msichana wa miaka 23. Baada ya arusi walikwenda kuhiji Roma. Wakapata mabinti watatu. Franziska alikuwa mtu wa sala, na Franz naye alianza kusali zaidi na kusoma Biblia, hata majirani wakaona mabadiliko. Kumbukeni jambo hili, kwa maana baadaye litageuzwa kuwa lawama.

Mwezi Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Tarehe 10 Aprili watu walipigishwa kura kukubali nchi yao iwe sehemu ya Ujerumani. Katika kijiji kizima cha St. Radegund, ni Franz peke yake aliyepiga kura ya kukataa. Msifikiri kile kilikuwa kijiji cha wapagani. Kilikuwa kijiji cha Wakatoliki. Walibatizwa katika kisima kimoja, walipiga magoti mbele ya altare moja. Hawakuwa wameacha kwenda Misa. Walikuwa wamekubaliana tu kwamba imani ina mipaka yake, na mambo ya serikali yana wenyewe. Hapo ndipo Franz alipokuwa mtu asiyekaribishwa, kati ya watu wa parokia yake mwenyewe. Nilipowaambia wale wanandoa wangu jambo hili, mume alicheka kwa uchungu. Wengi wa wanaomwita "Askofu" ni Wakristu wazuri wa Jumapili.

Franz hakutoa mchango chama cha Hitler kilipopitisha harambee zake. Aliukataa pia msaada wa fedha ambao serikali iliwapa wazazi wenye watoto, ingawa aliuhitaji kama mkulima mwingine yeyote. Aliacha kwenda kwenye kilabu cha pombe kwa sababu kila mara mabishano yalizuka. Mwaka 1940 aliitwa jeshini, akapata mafunzo, kisha mwaka 1941 akaruhusiwa kurudi shambani. Akawa sakristani wa kanisa la kijiji. Katika muda huo aliamua moyoni kwamba akiitwa tena hatakwenda. Vita vile aliviona kuwa vya dhuluma, na hakuona jinsi mtu angeweza kumtumikia Kristu pamoja na Hitler.

Alitafuta ushauri. Alikwenda mpaka Linz kumwona askofu. Askofu akamwambia awafikirie watoto wake, na kwamba si kazi ya mkulima kupima kama vita ni vya haki. Makasisi wengine walimwambia vivyo hivyo. Na hapa mimi padre nasimama nikiona haya kidogo. Hawakuwa watu wabaya. Paroko wa zamani wa kijiji kile alikuwa amefungwa kwa sababu ya mahubiri yake na kuondolewa parokiani. Walijua hatari, na walitaka kuokoa maisha ya baba wa watoto watatu. Lakini tukubali kwamba mtu yule alikuja kuomba mkate wa kumtia nguvu, akapewa sababu za kuogopa. Nami nilikuwa karibu kufanya hivyo hivyo pale mlangoni pa sakristia.

Na Franziska je? Mwanzoni naye alimsihi. Ni nani angemlaumu? Mama wa watoto watatu wadogo, shamba la kulima, mama mkwe nyumbani. Alijua kilichowapata waliokataa. Lakini alipoona kwamba ndugu, majirani na hata mapadre wote wamemwelemea mumewe, wakimsukuma kutoka kila upande, aliacha kumsukuma. Baadaye alieleza kwamba kama yeye naye asingesimama na mumewe, mumewe hangekuwa na mtu hata mmoja.

Wapendwa akina mama, na akina baba pia, ninaomba mkae na jambo hili kidogo. Franziska hakusema kwamba ameelewa kila kitu. Hakusema haogopi. Machozi yake hayakukauka. Alichofanya ni kukataa kuutumia upendo wao kama kamba ya kumfungia mumewe. Siku ile ya ndoa aliahidi kuwa mwaminifu katika taabu na katika raha, na taabu ilipofika aliiona kuwa ni ile ile aliyoitaja kwa kinywa chake.

Tarehe 1 Machi 1943 Franz alifika kambini alikoitwa, na siku iliyofuata akakataa kuchukua silaha. Alikuwa tayari kutumika kama mhudumu wa wagonjwa, hilo halikukubaliwa. Akafungwa Linz, kisha akapelekwa gereza la Tegel, Berlin. Mabinti zake walipigwa picha wakishika bango la kumwomba baba arudi upesi. Tarehe 6 Julai mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mwezi huo huo Franziska na paroko wao walisafiri mpaka Berlin kumwona, kwa kuwa wakili aliona pengine mke na padre wataweza kumgeuza. Walipewa dakika 20. Padre alimshawishi. Mke hakumshawishi.

Tarehe 9 Agosti 1943 Franz alikatwa kichwa huko Brandenburg. Alikuwa na miaka 36. Binti yake mkubwa alikuwa hajatimiza miaka 6.

Nilipofika hapo, yule mama aliyekuja kuniona aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja. "Padre, na Mungu alimsaidiaje Franziska?"

Ni swali la haki, na msimkubali mhubiri anayelikwepa. Kuna wahubiri siku hizi wanaotuahidi kwamba ukisimama na Mungu leo, kesho utapandishwa cheo na adui zako wataaibika. Mimi siwezi kuwaahidi hivyo, kwa sababu Biblia haikuahidi hivyo. Wale vijana watatu katika kitabu cha Danieli, kabla ya kutupwa katika tanuri, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Imani yote imo katika hilo "hata asipo". Wao wakatoka salama. Franz hakutoka.

Na mambo ya Franziska baada ya hapo yalikuwa hivi. Wako waliomlaumu, wakisema sala zake ndizo zilizomharibu mumewe. Alinyimwa malipo ya wajane wa vita mpaka mwaka 1950, kwa kuwa mumewe hakufa akipigania nchi. Alilima mwenyewe. Aliwalea mabinti watatu katika kijiji ambacho hakikupenda kulisikia jina la baba yao. Akachukua kazi ya mumewe ya sakristani, akawa anaandaa altare ile ile na kuwasha mishumaa ile ile. Mimi nikimfikiria mwanamke yule asubuhi na mapema, peke yake kanisani, akikunjua kitambaa cha altare kwa ajili ya watu ambao baadhi yao hawakumsalimu, naona kwamba Mungu alikuwa akimsaidia, ingawa si kwa namna ambayo angeichagua mwenyewe. Hakumwacha awe mtu wa chuki. Wala hakumwacha afikiri kwamba amekosea.

Miaka ikapita. Mwaka 1964 mwalimu mmoja wa chuo kikuu kutoka Marekani, Gordon Zahn, alitoa kitabu juu ya Franz, na watu wa nje wakaanza kuuliza habari zake. Tarehe 26 Oktoba 2007, katika kanisa kuu la Linz, mji ule ule ambako askofu alimshauri ajipatanishe na hali, Kanisa lilimtangaza Franz kuwa Mwenye Heri. Franziska alikuwepo, mwenye miaka 94, pamoja na mabinti zake. Aliaga dunia mwaka 2013, siku chache baada ya kutimiza miaka 100. Hesabuni ninyi wenyewe: alikuwa mke kwa miaka 7, na mjane kwa karibu miaka 70.

Tuliporudi kwenye mambo ya nyumbani, nilianza na mume, kwa maana yeye alikuwa anafikiri somo lote ni la mkewe. Nilimwuliza alimweleza mkewe lini habari za hati zile. Akainamisha kichwa. Alikuwa amekataa kutia sahihi kwa miezi mitatu bila kusema neno nyumbani. Mkewe alipata habari kwa mke wa mwenzake, sokoni. Bwana, hilo si ushujaa. Mtu anayebeba msalaba wa familia nzima bila kuiambia familia amewanyima wenzake nafasi ya kuubeba. Franz na Franziska walizungumza na kusali juu ya jambo lile kwa miaka. Ilipofika siku ya kuachana, hakuna aliyeshtukizwa. Ninyi akina baba, mkishasimama upande wa Mungu kazini, njooni mseme jikoni siku hiyo hiyo, hata kama ugali utapoa.

Na kuna neno jingine kwa akina baba. Si kila ugomvi wa kazini ni mateso kwa ajili ya Kristu. Nawajua wanaume wanaoita ukaidi wao dhamiri. Mtu akichelewa kazini, akimjibu mkubwa wake kwa kiburi, kisha akaachishwa, asije kwangu kujifananisha na mashahidi. Franz alitafuta kila mlango halali, hata akaomba kutibu majeruhi badala ya kupiga bunduki. Yule karani nilimwuliza kama amewahi kuandika barua kwa wakubwa wa juu, au kuomba kuhamishiwa idara nyingine. Hakuwa amefanya. Tuliandika barua hiyo pamoja, kwa lugha ya heshima, na nakala akabaki nayo.

Kisha nikamgeukia mama. Sikumwambia asiogope. Mwenye watoto wanne asiyeogopa kupoteza mshahara huenda hajui bei ya unga. Bwana wetu alipowaambia wanafunzi kwamba Baba anawahesabu hata shomoro, hakuwaambia kwamba hakuna shomoro anayeanguka. Nilimwambia hivi: kuna tofauti kati ya kumwambia mumeo "Baba Fulani, mimi naogopa," na kumwambia "kama unanipenda, tia sahihi." Neno la kwanza linamweka mume karibu nawe, mkaogopa pamoja, mkasali pamoja. Neno la pili linamlazimisha kuchagua kati yako na Mungu. Akikuchagua wewe, utakaa na mume ambaye umemfundisha kusema uongo, na siku moja atakuambia uongo wewe pia. Mama alilia kidogo. Mumewe akamshika mkono, jambo ambalo wazee wa rika lao hawalifanyi mbele ya padre.

Woga ukishasemwa kama woga, unaweza kushughulikiwa. Tulichukua karatasi. Wana deni gani? Karo ya muhula ujao ni kiasi gani, na ni shule gani inayoweza kukubali kulipwa kidogo kidogo? Akipelekwa kaskazini, familia itahama au itabaki? Je, shamba la nyumbani linaweza kuwapa mahindi ya miezi mingapi? Wengine watasema haya si mambo ya kiroho. Mimi naona ni sala pia. Mtu anayemtumaini Mungu anaweza kutazama hesabu zake bila kufumba macho. Watoto wawili wakubwa nao waliambiwa, kwa maneno machache, kwa nini baba yao anaitwa Askofu. Nasikia kijana wa kidato cha pili alifurahi kupita kiasi, akataka kwenda kupigana na mtu.

Na jumuiya? Hapa naongea nanyi nyote. Tumezoea kuchangia arusi na mazishi. Ni lini jumuiya ndogo imewahi kuchangia mtu aliyepoteza kazi kwa kukataa bahasha? Tunamsifu kwa maneno, kisha tunamwacha aulizwe karo peke yake. Franziska aliishi miaka mingi katikati ya Wakatoliki waliomwacha hivyo. Sipendi jambo hilo lirudiwe katika parokia yoyote ninayoijua.

Kabla sijamaliza, kuna wasomaji ambao shida yao si ya ofisi. Ninyi mlio wa makabila mawili tofauti mnajua ninachotaka kusema. Mnaishi vizuri mpaka mwaka wa uchaguzi ufike. Ndipo wajomba wanaanza kuuliza huyu mkeo ni wa akina nani hasa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nyumba zilipokuwa zikiteketezwa, kuna waliorudishwa makwao na ndugu zao, wakaachwa na wenzi wao, kwa sababu tu ya lugha aliyowafundisha mama. Mafundisho kwamba wawili hawa wamekuwa mwili mmoja yalikuwa yameacha kukaribishwa. Hapo pia sauti ya woga ilikuwa sauti ya upendo: rudi kwetu, tunakutakia mema.

Wakati kama huo muwakumbuke Cyprien na Daphrose Rugamba wa Rwanda. Walifunga ndoa mwaka 1965, na kwa miaka mingi ndoa yao ilikuwa na majeraha, mume akiwa ameiacha imani na mke akiendelea kumwombea. Mwaka 1982 mume alirudi kwa Mungu. Wakafungua nyumba yao kwa sala, wakawalisha watoto wa mitaani wa Kigali, na hawakukubali watu wapimwe kwa kabila katika nchi ambayo kila kitambulisho kiliandikwa kabila. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita. Kanisa sasa linachunguza maisha yao katika njia ya kuwatangaza wenye heri. Nawataja kwa sababu walianza na ndoa iliyokuwa karibu kuvunjika. Hamhitaji kungoja mpaka nyumba yenu iwe kama ya Nazareti ndipo mjifunze kusimama pamoja.

Usiku huu, basi, kabla ya kulala, kaeni kitandani kila mmoja amwulize mwenzake: ni kitu gani unaogopa kupoteza kwa ajili ya imani, na ni lini nilikuongezea woga huo? Msijibizane. Anayeulizwa aseme mpaka amalize. Kisha mseme kumi moja ya Rozari, mkichagua tendo la Bwana wetu akiwa bustanini, kwa maana hata yeye aliogopa, akawaomba rafiki zake wakeshe naye, nao wakalala.

Mtataka kujua yule karani amefikia wapi. Ninapoandika haya, barua yake haijajibiwa. Barua ya kumpeleka kaskazini nayo haijaja, ingawa mkubwa wake huitaja kila wiki. Hati zinatiwa sahihi na mtu mwingine. Jumapili iliyopita mama alinisimamisha tena pale pale mlangoni pa sakristia, safari hii akitabasamu. Ameanza kufuga kuku wa mayai, na anaweka shilingi chache kila wiki ndani ya mkebe wa majani ya chai juu ya kabati.

"Za karo?" nikamwuliza.

"La, Padre. Hizo ni nauli ya kaskazini. Akipelekwa, sitaki aende peke yake."